Kumi Zangu Nyuma ya Pazia

Hili nalisema kwa sababu nusu ya Songea wameshalisikia kwa mama mkwe wangu, basi bora na nyie mlisikie kwangu: nilijiaibisha mwenyewe, hakuna aliyenisukuma.

Mshipa wa nyuma ya kisigino ulikuwa unaniuma tangu masika (asubuhi nashuka kitandani nimeshika ukuta), na mama mkwe, anayekaa Mshangano, nilishamwambia kwenye kuvuna mahindi mwaka huu asinihesabu, na hapo sikudanganya hata kidogo. Shida ni kwamba Jumamosi sisi maveterani wa Bombambili tulikuwa na mechi, na kocha aligoma kunipanga bila karatasi ya kliniki kwamba mguu uko sawa.

Nikaenda. Dada wa mazoezi ya viungo akanikalisha nyuma ya pazia, akatoa fomu ya maswali ambayo unajipa alama mwenyewe: sifuri maana yake mguu umekushinda kabisa, kumi maana yake huna tatizo. Nikaona hapa mechi nimeshaipata, najipa kumi tu.

"Asubuhi mguu unakaza?"

"Wala! Andika kumi."

"Kutembea nusu saa?"

"Kumi. Mimi hata gunia la mahindi nabeba, dada." (Gunia lilitoka wapi, sijui.)

"Kuruka kwa mguu mmoja?"

"Kumi!"

"Haya, ruka nione."

Kumbe la kuruka wanalipima. Nikaruka mara moja, ya pili maumivu yakapanda mpaka kwenye meno, nikadaka pazia, likang'oka na bomba lake, tukaenda chini wote, na upande wa pili, kwenye benchi la wanaoumwa mgongo, loo, kakaa mama mkwe na kadi yake mkononi.

"Shikamoo mama," nikasema, bado niko sakafuni.

"Marahaba, Baba Neema. Gunia nimelisikia."

Nikaapa mguu unauma kweli, akatazama pembeni. Yaani siku niliyoanguka kwa maumivu ndiyo siku aliyoamini naigiza, na hilo liliniuma kuliko kisigino. Fomu tukaijaza upya na yule dada, mama mkwe kasimama pale pale, na alama zikatoka ndogo kweli. Mechi sikucheza. Jumamosi nilikuwa uani kwake Mshangano, nimekaa kwenye mkeka napukuchua mahindi, maana alisema kupukuchua hakutumii kisigino.

Siku hizi nikipewa fomu nasema ukweli mtupu, ila nafunua pazia kwanza.