Mende wa Bi Time na Leseni Nisiyokuwa Nayo

Chekeni tu, lakini mpaka leo nikipita sokoni Konde lazima atokee mtu aniulize, "Wake zako wawili hawajambo?", na mimi (mwenye mke mmoja, Riziki, ambaye peke yake ana sauti ya wake wanne) sina pa kuuficha uso.

Chanzo ni mende. Mkwe wangu, Bi Time, alikuwa na mende jikoni wakubwa kama kobe, nami nina bomba la kupulizia dawa nililonunua kwa ajili ya nyumba yangu, basi akaniomba nikampulizie na akaniahidi jogoo. Tatizo, mimi nimesoma masomo ya jioni, na huko mwalimu alitueleza kwamba anayepuliza dawa nyumbani kwake mwenyewe hahitaji leseni, ila anayepuliza nyumba za watu kwa ujira lazima awe nayo. Wenzangu waliyasahau kabla hawajafika mlangoni, mimi yakanikaa kichwani. Sasa nyumba ya mkwe ni kwangu au kwa watu? Na jogoo ni ujira au mapenzi?

Nilikubali, nikajifunga kanga ya Riziki usoni, nikaanza kazi. Bi Time alikwenda kwa jirani, Riziki na mdogo wake Saumu wakakaa uani kulinda masufuria. Mara Faki, mwenye duka la mbele, akachungulia dirishani.

"Yakhe, kuna mzee hapa hatumjui. Kanzu imenyooka, kalamu mfukoni. Anauliza habari za nyumba hii na watu wake. Mie nimenyamaza."

Mkaguzi! Nani kanichongea? Nikamshuku Faki mwenyewe, maana naye anauza dawa ya mende. Nikawashuku majirani wote mpaka bahari inapoanzia. Nikamshuku hata jogoo, aliyefungwa mguu kwenye baiskeli yangu, kwani aliwika wakati ule ule kama shahidi wa serikali.

Mzee akabisha hodi, akaliangalia bomba, akaniangalia mimi, akakohoa.

"Nyumba ya nani hii?"

"Yangu," nikasema.

"Niliambiwa ya Bi Time."

"Bi Time ni mama, nakaa naye." (Si uongo sana, ametuzalia mke.)

"Na jogoo huyu?"

"Wangu, nimemfuga tangu yai."

Akanyoosha shingo kuelekea uani. "Na mabinti wale wawili, nani wako?"

Nikapiga hesabu haraka: nikisema mmoja ni shemeji, ataona hii ni nyumba ya ukweni, atauliza nimelipwa nini, na jogoo yuko pale macho kodo. Nikasema, "Wake zangu."

"Wote wawili?"

"Wote."

"Wanafanana sana."

"Lazima wafanane, baba mmoja, mama mmoja!" nikajibu kwa fahari, kabla akili haijanifikia.

"Astaghfirullahi! Ndugu wawili, mume mmoja!" Mzee akarudi kinyumenyume mpaka barabarani, wala hakuaga.

Nami nikafurahi! Bi Time aliporudi nikampokea kwa kujigamba, "Mama, nimemfukuza mkaguzi!"

"Mkaguzi gani? Kavaa vipi?"

Nikamweleza kanzu na kalamu, na ndevu zake za hina. Bi Time akakaa chini palepale, juu ya mende.

"Mwanangu, umeniua. Huyo ni ami yake yule kijana wa Vitongoji anayemtaka Saumu. Kaja kuulizia!"

Kumbe! Nasi sote twajua kuwa kabla ya posa upande wa mume hutuma mtu kimyakimya kupeleleza watu wa nyumba wakoje. Saumu alilia mpaka kanga ikahitaji kuanikwa.

Asubuhi yake nikaenda Vitongoji na Riziki. Yule mzee hakutukaribisha ndani.

"Una wake wangapi leo?"

"Mmoja, Mzee wangu, tena ananitosha mpaka anabakia."

"Jana wawili, leo mmoja. Kesho tutasikia huna hata mmoja!"

"Na kweli atabaki hana hata mmoja akirudia uongo huo," Riziki akasema, akaapa mbele yake kuwa Saumu hajaolewa na mtu. Mimi nikaeleza mambo ya leseni. Mzee akanikazia macho.

"Hata mkweo ukimpulizia bure wataka leseni?"

"Si bure, Mzee. Kuna jogoo."

Wanawake ndani wakaangua kicheko, na mzee naye, baada ya kuvumilia kidogo, akatufungulia mlango.

Posa ikaja. Siku ile nililetewa sinia la wali, na juu yake paja nililolitambua mara moja. Bi Time akaniinamia sikioni.

"Kula, mkwe wangu. Jogoo nimewapikia wageni, kwa hiyo hukulipwa kitu. Serikali haina neno nawe."

Tangu hapo nimeapa: mgeni akiniuliza nyumba ya nani, kwanza namkaribisha kiti, kisha namuuliza yeye ni nani. Ila yule jogoo, wallahi, namshuku mpaka leo.