Matairi ya Mkwe

Shangazi yangu Rukia anauza matairi hapa Katesh, kando ya barabara ya Singida, na hakuna mteja anayemtia wasiwasi kama yule anayesifia mwendo wa gari lake. Mteja akilalamikia bei, shangazi anacheka. Akisema gari lake linapaa, shangazi anashika ncha ya mtandio na kuanza kuizungusha kwenye kidole.

Duka lenyewe ni banda la mabati na uwanja mbele yake. Lilikuwa la mume wake, mzee Zubery, aliyeanza kwa kuziba pancha za baiskeli siku za mnada. Alipofariki, ndugu walimwambia shangazi auze vifaa arudi kwa kaka yake, yaani baba yangu, Mudathir. Hakuuza. Alisema kushona hajui, maandazi ya kuuza hajui, anachojua ni tairi, maana miaka yote ya ndoa yeye ndiye alikuwa anamshikia mumewe tochi. Mwanzoni watu walikuja kumtazama kama wanatazama sinema, mwanamke na ushungi wake amepiga magoti anachungulia chini ya lori. Baadaye wakazoea.

Kuendesha gari hajui. Lakini akishamfungia mteja matairi, anaomba apelekwe kidogo nje ya mji na kurudishwa. Anakaa nyuma kimya, kioo kiko wazi, anasikiliza. Wakirudi anashuka na kuweka kiganja kwenye kila tairi, kama mtu anayempima mtoto homa. Asipofanya hivyo hapati usingizi. Madereva wanamtania kwamba anapenda lifti za bure.

"Lifti ya kwenda wapi," anawajibu, "na mimi narudi palepale?"

Mtoto wake ni mmoja tu, Samira. Mwaka jana Samira aliolewa na Farouk, kijana anayeuza simu Dodoma. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana kwa kutokukaribiana. Hawali sahani moja, hawakai wakapiga soga, na kukiwa na neno la maana wanamtuma mtu. Farouk amelelewa hivyo, na shangazi anashika desturi hiyo kuliko wengi. Siku ya harusi alimpa mkono akiangalia ukuta.

Mwezi wa kumi na moja walikuja kutusalimia, mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Tuliposikia mngurumo tulidhani ni pikipiki nyingi. Kumbe ni gari moja, la spoti, la rangi ya machungwa, milango miwili, limeinama mbele kama paka anayewinda. Lilikuwa limetoka Japani karibuni. Watoto wa mtaa wote walikuja kulishika.

Farouk alikaa sebuleni na baba. Shangazi alikuwa jikoni nyuma ya pazia, mimi namenya vitunguu.

"Baba," Farouk alikuwa anasema, "chai tumekunywa Dodoma, na hii nakunywa hapa, ile ya kule haijashuka tumboni."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Shangazi hakucheka. Alimgeukia Samira aliyekuwa anapepeta mchele.

"Anaendeshaje huyu?"

"Vizuri, mama."

"Vizuri vipi?"

"Vizuri tu jamani. Ila kwenye kona linaogelea kidogo. Kama linapita juu ya mafuta."

Shangazi akashika ncha ya mtandio.

Asubuhi alimtuma baba amwambie Farouk kwamba kabla ya kusafiri alipeleke gari dukani likaangaliwe. Yeye alitangulia, nami nikamfuata. Kwenye banda kulikuwa na matairi manne mapya ambayo mteja mmoja aliyaagiza kutoka Arusha, halafu akauza gari lake bila kuja kuyachukua. Yalikuwa ya saizi ya gari la Farouk, ya spoti hasa, mapana, ya lami na ya joto, yametengenezwa kwa ajili ya mwendo wa kasi. Shangazi aliyatazama muda mrefu. Kisha akachukua turubai akayafunika, na juu yake akarundika matairi mabovu ya trekta. Bura, fundi wake, alikuwa anafungua kompresa. Aliona.

"Mama, unayafunika kwa nini? Yanaumwa?"

"Fanya kazi yako, Bura."

Bura anatoka Tlawi, kule Mbulu kwenye baridi, na mdomo wake hauna likizo. Farouk alipofika, shangazi alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele, na Farouk kwa heshima akazunguka upande wa pili wa gari. Wakawa wanasikiana vizuri bila kuonana.

"Bura," shangazi alisema, "mwulize mkwe matairi haya kayapata wapi."

"Mkwe, unaulizwa umeyapata wapi."

"Mwambie mama yamekuja na gari. Bado mapya, atazame meno yalivyo."

"Anasema mapya. Anasema utazame meno."

"Nimesikia, Bura. Mimi si kiziwi."

"Sasa mnanituma nini?"

Shangazi alikuwa anafuta tope pembeni ya tairi kwa kidole. Palikuwa na alama ndogo, kimlima chenye ncha, na ndani yake kitu kama ua la theluji. Alibonyeza mpira kwa ukucha, ukucha ukaingia.

"Mwambie haya ni ya nchi za barafu. Mpira wake wanaufanya laini makusudi, ushike kwenye baridi kali. Kwenye lami yenye jua unalegea kama jojo mdomoni. Ndiyo maana linaogelea."

"Mkwe," Bura alisema, "umelivalisha gari makoti ya Mbulu, ukaenda nayo Dodoma."

Farouk alicheka kwa aibu. "Mwambie mama kwamba aliyeniuzia alisema ni ya baridi. Mimi nikasema afadhali, ukweni kwangu kuna baridi."

Hata shangazi alitabasamu, akiwa amejificha nyuma ya gari. Halafu Farouk akaharibu. "Basi anifungie ya spoti kama yapo. Kuna mahali baada ya Singida barabara imenyooka, pale gari linataka kuondoka lenyewe."

Tabasamu likaisha.

"Mwambie ya spoti hayapo. Yapo haya tunayowafungia taksi."

Bura alitazama turubai, akamtazama shangazi. "Hayapo?"

"Hayapo."

"Haya. Mkwe, hayapo, na mimi macho yangu ni mabovu."

Nilielewa hesabu yake, maana nimekaa naye vya kutosha. Tairi zuri linashika barabara, na dereva akiona limeshika anaongeza mwendo. Yale ya taksi ni magumu, ukizidisha kidogo tu kwenye kona yanapiga kelele. Alitaka yapige kelele. Yeye hawezi kumwambia mkwe wake apunguze mwendo, desturi haimruhusu, basi matairi yatamwambia.

Bura akayafunga. Mawingu yalikuwa yameshuka kwenye mlima Hanang, manyunyu yakaanza. Ikabaki kwenda kujaribu, na mama mkwe kupanda gari la mkwe haiwezekani, kwa hiyo akatumwa Bura. Waliondoka kwa mngurumo. Waliporudi Bura alishuka huku ameshika kofia.

"Yanalia kama mbuzi wa sikukuu! Lakini jamaa hasikii, anacheka tu. Mama, huyu mtoto ana mguu wa kukanyaga mafuta!"

Shangazi alisimama katikati ya uwanja, manyunyu yanamwangukia, mtandio umejisokota kwenye kidole mpaka kidole kikawa cheupe. Samira alikuwa nyumbani anafunga mizigo. Wangeondoka kabla ya adhuhuri.

"Bura, mwambie mkwe nitapanda mimi."

Bura safari hii hakutania. Farouk mwenyewe alisikia, akainamisha kichwa, akavuta kiti cha mbele ili shangazi apite kwenda nyuma. Gari lile nyuma ni pa kuweka mkoba, si pa kukaa mtu. Shangazi ni mnene. Aliingia kwa kichwa kwanza, nami nikabanwa pembeni yake kwa sababu isingefaa wawe wawili peke yao.

Farouk aliendesha kama amebeba mayai. Mikono yote miwili kwenye usukani, redio amezima, hata kukohoa alikohoa polepole. Tulishika njia ya Nangwa. Shangazi alikuwa anasikiliza, na nikaona bega lake linaanza kulegea. Mtu aliyeendesha vile asingeweza kumuua mtoto wa mtu.

Mbele yetu mama mmoja akatoka kwenye kichochoro na punda wawili wenye madumu ya maji. Hawakuwa karibu sana. Farouk alikanyaga breki mapema, mimi nilimwona. Lakini lami ilikuwa imelowa, na gari halikusimama. Lilikwenda tu, kimya, kama sabuni kwenye beseni, likaanza kugeuka ubavu. Punda wa mbele alisimama katikati ya lami akatutazama.

"Farouk!" shangazi alipiga kelele. "Farouk, mwanangu!"

Tulisimama mdomo wa gari ukiwa unagusa dumu. Punda hakusogea.

"Nyie wa gari la chini!" yule mama alifoka. "Mnatafuta nini barabarani, sarafu?"

Farouk alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili. Shangazi alikuwa ameshika bega la Farouk, na nadhani hakujua kama ameshika.

"Samahani, mama," Farouk alimwambia shangazi.

"Si wewe, baba. Ulikwenda polepole, nimeona." Akaondoa mkono. "Ni matairi. Ni mimi. Turudi dukani."

Tulipofika alishuka kwa shida, akaenda moja kwa moja kwenye banda.

"Bura, toa turubai."

"Lile lenye matairi yasiyokuwepo?"

"Hilohilo."

Farouk alisimama palepale akayaona yanatoka moja baada ya jingine, mapya, mapana, bado yana karatasi. Aliyatazama, akamtazama shangazi, akatazama chini. Alielewa. Nilitamani niwe mahali pengine. Bura alikuwa anafungua nati kwa bidii ambayo sijawahi kuiona.

Samira alifika na baba wakiwa wamebeba maharage, unga na kuku wawili. Kiti cha nyuma kikajaa, kwa hiyo nafasi ya kujaribu tena haikuwepo. Shangazi alizunguka gari, akaweka kiganja kwenye kila tairi ingawa yalikuwa hayajapata joto na hayana la kumwambia. Kisha akaenda dirisha la dereva. Baba alishtuka, akageuka kuangalia barabara.

"Farouk," shangazi alisema bila kumtuma mtu, "haya yanaweza kukimbia kuliko gari lako. Niliyaficha kwa sababu hiyo. Sasa nakupa kwa sababu yanasimama. Mimi mtoto ninaye huyo mmoja."

Farouk alikuwa anaangalia usukani. "Ndiyo, mama."

"Nakuombea safari njema. Mkwe wangu, usinilipe kwa mwendo."

Wakaondoka. Hakuna aliyejua kama mngurumo ule ulikuwa mdogo au sisi ndio tulitaka uwe mdogo.

Shangazi hakula mchana. Aliweka simu juu ya meza ya duka akakaa inapoonekana. Alikosea kujaza upepo kwenye bajaji ya watu mpaka Bura akamnyang'anya mpira. Alasiri ikapita. Akampigia Samira, simu haikupatikana. Akasema mtandao wa Manyoni, huko njiani, ni mbaya, halafu akaniuliza kama nimesikia mtandao wa Manyoni ni mbaya. Nikasema nimesikia. Sikuwa nimesikia. Alipokuwa anafunga mlango wa bati simu ikaita, akaipokea kwa mikono miwili.

"Mama, tumefika."

"Alhamdulillahi. Mbona mmechelewa? Mlisimama wapi? Tairi limefanya nini?"

"Halijafanya kitu. Mkweo huyu sijui umempa dawa gani. Tumetambaa, mama! Mpaka malori ya vitunguu yametupita."

Shangazi alikaa juu ya tairi la trekta. Aliweka simu sikio la pili, kama vile la kwanza halikusikia vizuri.

"Malori mangapi?"