Jina la Kile Tulichofanyiwa Mferejini

Omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, hunuka hata ikishaliwa, na majirani wote pale Mashimoni walijua harufu hiyo ni yetu. Mama yangu aliiuza kwa mkebe mlangoni petu. Kila jioni tulipopanga debe letu mferejini, mwanamke aliyefungua maji, Mama Rispa, alilisukuma nyuma kwa mguu. “Debe la omena lingoje,” alisema, ameziba pua. Tulichota mwisho, na siku nyingine maji yalikatika kabla ya zamu yetu tukalala bila kupika.

Ilikuwa miaka ya sabini, niko darasa la sita, na Kiingereza kilikuwa kimenipanda kichwani. Asubuhi moja mwalimu aliandika ubaoni neno “contempt”. Hakulitafsiri. Alimtazama kiranja wetu kuanzia viatu hadi nywele, akasonya, akampa mgongo. “Hiyo ndiyo contempt,” akasema. “Kumwona mtu si kitu. You treat somebody with contempt.” Kumbe kile tunachofanyiwa mferejini kina jina! Nililikariri njia nzima hadi nyumbani, nusura nigongwe na mkokoteni.

Jioni, mguu ule ulipoligusa debe letu, nilipaza sauti: “You are treating my mother with contempt!”

Foleni nzima ikanigeukia. “Amesema nini huyu?” Mama Rispa akauliza. Nikamweleza kwa Kiswahili, tena kwa vitendo: nikamtazama kuanzia champali hadi kitambaa cha kichwani, nikasonya, nikampa mgongo. Watu walivunjika mbavu. “Leo umepatikana!” fundi wa viatu akapiga kelele. Mama Rispa akalivuta debe letu mbele, akalijaza hadi likamwagika. Haki ya nani, nilijiona jaji!

Njiani, debe kichwani, Mama hakucheka. “Juzi nilimsalimia mwalimu wako kwa Kiingereza changu, ukanicheka mbele yake, ukaniambia ninyamaze,” alisema. “Hiyo nayo ni ile ile, ama ina jina lingine?”

“Ni ile ile, Mama,” nilisema, na aibu ikanifanya nilie hadi mlangoni.

Leo nafungua maji jikoni kwangu bila kumbembeleza mtu. Mama akija kututembelea, huingia na “Good morning!” yake hata ikiwa saa kumi jioni. Wanangu huniangalia kwanza, wakiuliza kwa macho kama wana ruhusa ya kucheka.

“Good morning, Mama,” mimi humjibu.