Mabomba ya Usukani wa Kushoto

Siku Mramba alipomwona fundi Msellem kwa mara ya kwanza, mzee alikuwa amelala chini ya gari pale Muyeye, mjini Malindi, akilitukana bomba. Miguu tu ndiyo iliyoonekana, na sauti. Alikuwa akimlaani fundi aliyelichomelea kabla yake, na gesi aliyoiharibu. Mramba, dereva wa tajiri Harith, alisimama juani akiona haya kubisha hodi. Haya ndiyo iliyokuwa maradhi yake. Hata dukani alichukua alichopewa, si alichokitaka.

"Shikamoo," akasema mwishowe.

"Marahaba. Wanihesabu vidole vya miguu, au una neno?"

Neno lilikuwa ndani ya gunia: mabomba manne ya moshi, yaliyoungana mwishoni kuwa moja, ambayo Mtaliano mmoja alimletea Harith mwaka ule wa themanini na nne. Yale ya kiwandani yang'olewe, haya yafungwe, gari lipate nguvu na mngurumo. Harith alikuwa ameapa mbele ya wenzake kwamba Jumapili angewaacha wote nyuma kwa mbio njia ya Marafa.

Msellem akayajaribu, akayateremsha, akayatupa mchangani. Yalitengenezewa gari lenye usukani wa kushoto. Kwenye gari la Harith, lenye usukani wa kulia, bomba la nne liligusa mrija wa breki. Moto wake ungechemsha mafuta ya breki, na hapo dereva angekanyaga hewa. Ilibidi alikate, alipinde upya, alichomelee, siku tatu. Ndivyo alivyokuwa mzee huyo: gari halikutoka kwake mpaka alipeleke mwenyewe hadi daraja la Sabaki na kulirudisha, injini imechemka, akijaribu breki njia nzima.

Harith hakungoja. Akatafuta fundi mwingine, mabomba yakafungwa vile vile, kipande cha bati kikawekwa kati ya bomba la nne na mrija wa breki. Jumapili asubuhi akapita kwa Msellem makusudi, gari likiutikisa mtaa, Mramba kwenye usukani.

"Haya, mzee, mbona halijaungua?" Harith akacheka.

Msellem akafungua boneti, akaliona lile bati, uso ukamwiva. Akampita Harith. Akazunguka hadi dirishani kwa dereva.

"Mramba, breki ikoje?"

Alfajiri walikuwa wamelijaribu gari hadi Gede, na wakati wa kurudi kanyagio lilianza kuzama. Mramba alijua. Harith akamkazia macho.

"Nzuri," akasema.

Kwenye mteremko wa Marafa alikanyaga mpaka sakafuni, na gari halikusikia. Likaingia korongoni. Harith alitoka na mchubuko wa paji la uso, akarudi mjini kutangaza kuwa dereva wake alikuwa amelewa. Mramba, asiyewahi kuonja hata tembo la mnazi, alitoka na mguu uliovunjika mahali pawili.

Hospitalini hasira ilimfungua kinywa. Msellem alipokuja kumtazama, Mramba alimlaani Harith, akamlaani Mtaliano, akalilaani bati, akingoja mzee amsaidie. Kwa kulaani mzee hakuwa na mwenzake Malindi nzima. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema neno lake la mwisho kwake, kwani tangu siku hiyo, Mramba akipita Muyeye na mkongojo wake na kumwamkia, hujibiwa kwa mlio wa nyundo tu.

"Nilikuuliza weye, Mramba. Harith sikumuuliza."