Sahani na Kijumlisha

Sisi tuliokulia Matinyani wakati TV ilikuwa inakula betri ya gari, bado tunaweza kutambuana kwa kidole gumba cha kushoto. Kibonyeze pale karibu na kucha, utapata sugu ndogo ambayo haikuletwa na jembe. Nayasema haya kwa sababu juzi nilimkuta kijana wangu, Mutua, amejilaza kwenye kochi akitazama video ya mtu mzima, mwenye ndevu zake, akilinganisha pedi za gemu. Dakika arobaini nzima! Bwana yule alikuwa na pedi saba mezani, na kila moja aliieleza jinsi kitufe cha kuelekeza kinavyozama, kinavyorudi, na kama kinaumiza kidole. Mutua akaniambia anataka ile itakayomfaa yeye, maana kidole chake huuma haraka. Nilicheka mpaka nikakohoa, halafu kicheko kikaniishia ghafla. Nimechoka siku hizi, na mambo ya zamani yakitaka kuja hayabishi hodi.

Gemu yetu aliileta baba. Alikuwa fundi wa magari huko Kiboko, kwenye barabara ya Mombasa, na nyumbani tulimwona mwisho wa mwezi. Mwezi mmoja alirudi na boksi lililofungwa kwa kamba ya katani, na ndani mlikuwa na mashine nyeupe, kanda moja ya manjano na pedi mbili zenye waya mfupi kiasi kwamba ulicheza pua yako ikikaribia kugusa kioo. Jirani zetu walikuja kutazama kama watu waliokuja kumwona mtoto mchanga. Betri tuliipeleka sokoni kwa wilibaro ikachajiwe. Kisha TV ile ya picha nyeusi na nyeupe ilizungushwa kitufe polepole, chenga zikipungua, hadi uwanja wa mpira utokee na wachezaji ishirini na wawili wenye vichwa vikubwa kuliko miili. Muziki wake ulikuwa mstari mmoja tu unaojirudia. Hadi leo nikiosha vyombo huwa nauimba puani.

Mama alikuwa mama wa kanisa hasa, wa kufunga na kukesha, na gemu aliikubali kwa masharti. Ilikaa ndani ya sanduku la bati pamoja na leso zake na kitabu cha nyimbo, na ufunguo alikuwa nao yeye. Ilitoka Jumamosi tu, baada ya kuni kufika jikoni na muthokoi wa mchana kuliwa. Hatukuruhusiwa hata kusema kwamba kile kitufe cha kuelekeza kina umbo la msalaba. "Msalaba hauchezewi," mama alisema. Basi tukakiita kijumlisha, kama ile alama ya hesabu.

Kijumlisha kilikuwa kitu kigumu. Plastiki yake ilikuwa na kingo kali, na ukikibonyeza nusu saa kilikuachia mistari miwili myekundu kwenye nyama ya kidole. Ukicheza saa nzima unapata lengelenge. Faida yake ni kwamba kilikuwa kinatii. Ukisema kushoto, ni kushoto. Lakini katika mpira nani anataka kwenda kushoto tu? Unataka kukata kona, na kukata kona kwa kijumlisha ilibidi ukandamize katikati ya mikono yake miwili, pale penye kingo zenyewe, kwa nguvu zote.

Kisha panya akatafuna waya wa pedi ya pili. Baba akaja na nyingine kutoka huko barabarani, isiyofanana na ya kwanza hata kidogo. Badala ya kijumlisha ilikuwa na kisahani cha duara chenye bonde dogo katikati, na kidole kililala pale kama kimepewa mto. Ukikizungusha, mchezaji wako anazunguka. Kona zilikuwa bure. Ndiyo, mara nyingine ulitaka kwenda juu akaenda upande, lakini hakuna aliyewahi kutoka damu kwa sababu ya sahani. Nikisikia leo watu wakibishana ni ipi bora, jibu ninalo, na sikulipata kwenye video.

Tulikuwa wawili tuliocheza, mimi na kaka yangu Kyalo. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi, yeye alikuwa darasa la nane. Na mama, aliyeona kila kitu kuwa nafasi ya kufundisha kazi, akaweka sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kale nyumbani kwetu, ya nyama na ya maandazi pia: mdogo achague kwanza. Ya pili ilikuwa mpya: atakayefungwa Jumamosi ndiye atakayeteka maji wiki nzima, kila asubuhi kabla ya shule.

Kwa asiyejua kwetu, maji ni kazi ya wasichana. Wakati wa kiangazi mto ulikuwa mchanga mtupu, na wanawake walichimba visima humo ndani, wakapanga foleni, wakachota kwa kibuyu mpaka mtungi wa lita ishirini ujae. Ulibebwa mgongoni kwa mukwa, mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Mvulana akienda mtoni alienda na punda. Sisi punda hatukuwa naye. Lakini mama alisema mkono hauna kiume wala kike, na aliposema mama, mjadala ulikuwa umefungwa.

Unajua sasa nilichagua nini. Kila Jumamosi sanduku lilipofunguliwa, mkono wangu ulikuwa wa kwanza, na niliichukua sahani nikaikumbatia kifuani hata kabla TV haijawashwa. Kyalo alibaki na kijumlisha. Na Kyalo alikuwa amejikata kidole gumba hicho hicho cha kushoto kwa panga, mwaka uliotangulia, akikata mkonge wa mama wa kusokotea kamba. Kilipona vibaya. Kovu lilipita pale pale kidole kinapokutana na kitufe.

Nilimfunga wiki ya kwanza. Nilimfunga ya pili. Kila asubuhi nilimwona akipanda kutoka mtoni ameinama, mukwa umemkaza paji la uso, shati limelowa mgongoni. Wavulana wenzake walimsubiri penye njia. "Kyalo, uliolewa lini?" walimuuliza. "Mahari ilikuwa mbuzi wangapi?" Alifika shule kengele imeshalia, na alama ya mukwa kwenye paji ilikuwa haijafutika. Mimi nilikuwa nimeshatangulia shuleni, mikono mitupu, na nakiri kwamba nilijiona bingwa.

Halafu Jumamosi moja, kabla hatujaanza, aliniambia kwa sauti ya chini ili mama asisikie kule jikoni, "Mumbua, leo nipe hiyo sahani. Kidole kinaniuma."

Nilikitazama kile kidole. Kovu lilikuwa limefunguka kidogo na kingo zake zilikuwa nyekundu. Niliona. Watu hupenda kusema walikuwa watoto, hawakujua. Mimi nilijua. Nilijua pia uzito wa ule mtungi, kwa sababu kabla ya gemu kuja nilikuwa nikibeba wa lita kumi, na shingo yangu ilikuwa bado inaukumbuka.

"Mama alisema mdogo achague kwanza," nikamjibu.

Alifunga kidole kwa kipande cha mpira wa baiskeli, mpira ukateleza, akauvua. Nilimfunga tatu kwa moja. Tulipomaliza alipangusa pedi kwa kona ya shati lake, akairudisha sandukuni, na mama alipouliza nani ameshindwa, yeye mwenyewe ndiye aliyejibu. Hakuniomba tena. Aliteka maji kiangazi chote hadi mvua ilipokuja.

Mtihani wa darasa la nane ulimshinda kwa alama chache. Hakuna aliyesema ni maji, na labda si maji. Baba alimpeleka kujifunza uashi, na mimi, zamu yangu ilipofika, nilipita, nikaenda sekondari, nikawa mwalimu. Kyalo alipata kazi ya ujenzi Kikima, akaoa huko na kukaa. Amejenga nusu ya maduka ya mji ule kwa mikono yake, na mimi nimefundisha watoto kusema kweli kwa miaka ishirini na kitu. Mambo hayo mawili nikiyaweka pamoja huwa yananichosha kuliko kazi yenyewe.

Mama alipofariki tulifungua lile sanduku la bati. Leso zilikuwepo, kitabu cha nyimbo kilikuwepo, na chini kabisa pedi mbili zimeviringishwa waya vizuri kwa mkono wa mtu aliyetunza vitu. Mashine yenyewe ilishakufa zamani. Nilizichukua pedi, zikakaa kwenye kabati langu hadi juzi, Mutua alipotaja kidole chake. Ijumaa hiyo nilizitia mkobani nikaenda Kikima.

Nilimkuta Kyalo uani ananawa saruji mikononi, kwenye mfereji. Siku hizi maji yako uani, watoto wake wanafungua na kusahau kufunga, na yeye hupita nyuma yao akifunga bila kuwagombeza. Tulikunywa chai. Nikazitoa pedi, nikaziweka mezani kati ya vikombe.

"Chagua wewe kwanza," nikamwambia.

Alinitazama. Nilidhani atacheka. Akanyoosha mkono, akakipita kijumlisha, akaichukua sahani. Akaishika kwa mikono miwili kama tulivyokuwa tukishika, akalaza kile kidole chenye kovu kwenye bonde la katikati, akazungusha taratibu, juu, pembeni, chini, akarudi juu.

Mutua atachagua pedi yake kati ya saba, na sina neno, acha achague. Enzi zetu pedi zilikuwa mbili tu. Tulikuwa na mto wa mchanga, Jumamosi moja kwa wiki na wimbo wa mstari mmoja, na tukasema hatukukosa kitu. Mimi sikukosa. Nilikuwa na sahani.

Kyalo aliendelea kuzungusha kwa muda mrefu, chai yake ikipoa.

"Kumbe ni laini hivi," akasema.