Mafuta ya Kibatari

Jiliwa kongwe la kubania vyuma nililonunua jana kwa muuza vyuma chakavu limegoma kufunguka, kwa hiyo nimelimwagia mafuta ya taa. Harufu yake inanirudisha kwetu Tarime, wanaume walipokuwa wanakimbilia dhahabu. Baba, fundi wa vyuma, naye alishafunga mzigo. Mama akamwekea mbele jiliwa kuukuu lililoshikwa na kutu.

"Baba watoto, likifunguka kabla ya Jumapili, utabaki na ufundi wako. Likigoma, nenda kachimbe."

Siku tatu baba alihangaika nalo. Kila alipokwenda kuoga, nilichota mafuta ya kibatari nikalimiminia. Jumamosi skrubu ikalia, ikazunguka, na baba akafungua mzigo.

Jioni kibatari hakikuwaka. Mama alikitikisa, akapakua ugali gizani, kisha akaninong'oneza: "Kanawe tena, unanuka mafuta. Asante, mwanangu."