Yustina, matembele mabichi na nyongo iliyoziba

Jua ndiyo kwanza linachomoza Kiswere, na Yustina Mchopa (44) yuko bondeni, maji yakimfika kwenye vifundo, anakata matembele. Mikono inakwenda mbio na mdomo nao haupumziki, anawatania wenzake. Ukimwona leo huwezi kuamini kwamba mwaka jana alibebwa kwa machela.

Kisa kilianzia sokoni. Wateja waliogopa mboga zilizopuliziwa dawa ya wadudu, na Yustina alikuwa na jibu lake: anachuma ncha ya tembele bichi, anaitafuna mbele yao na kuimeza. "Mkiniona nadondoka, msinunue," aliwaambia. Walicheka, wakanunua. Alifanya hivyo miaka tisa.

Kisha akadondoka kweli. Maumivu chini ya mbavu za kulia, homa, macho ya njano. Kutoka kilo 68 akashuka hadi 49. Majirani walisema ni nyongo, wakamnywesha mizizi michungu mpaka akasahau ladha ya chai.

"Dawa walikosea, lakini nyongo walipatia," anasema na kuangua kicheko.

Hospitalini, picha ilionyesha mrija wa nyongo umeziba. Ikahofiwa ni saratani, siku ya upasuaji ikapangwa. Mumewe, Bonaventura, akaanza kuwaita ndugu. Ni muuguzi Debora aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: "Dada, kuna kitu unakula kibichi?"

Choo kikapimwa upya. Yakaonekana mayai ya minyoo bapa, ile ile ambayo wachinjaji huikuta kwenye maini ya ng'ombe. Mifugo hunywa maji bondeni na kuacha kinyesi chenye mayai. Minyoo hukulia ndani ya konokono, kisha hujishikiza kwenye majani. Mboga ikipikwa, minyoo hufa. Yustina alikuwa akiimeza hai.

Upasuaji ulifutwa. Vidonge viliagizwa Dar es Salaam, akavimeza mara mbili ndani ya siku moja, kila mara akiwa ameshiba.

"Wiki ya tatu nikaomba ugali. Bona alilia kama mtoto," anakumbuka.

Lakini kulikuwa na soko. Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Hakunyamaza.

"Niliwaambia wateja, jamani, mboga hii pikeni, msile mbichi. Mimi imenilaza."

Siku hiyo aliuza mafungu mawili tu. Wiki iliyofuata wateja wakaanza kurejea. Siti Hasani, mteja wake wa zamani, anaeleza: "Mtu aliyesema ukweli wa kumharibia biashara, atanidanganya nini tena?"

Sasa Yustina anapanga kuhamishia bustani upande wa juu, kwenye kisima kipya, mbali na njia ya ng'ombe. Wafugaji wameahidi kusaidia kukichimba. Vipimo vya mwezi uliopita havikuonyesha yai hata moja.

Mwandishi anapomuuliza angependa wasomaji waambiwe nini, anafuta matope mikononi.

"Andika kwamba Yustina ni mzima. Na uandike kwa herufi kubwa, hata yule asiyevaa miwani aone."

YUSTINA NI MZIMA.